Kamba za Kumfungia Shetani

Nilipokuwa mdogo niliamini, kwa imani ambayo sijapata kuwa nayo tena kwa kitu chochote, kwamba kila Ramadhani mashetani wote wa kisiwa cha Pemba hukusanywa wakafungwa kule Kiuyu, kwenye majabali ya pwani, na kwamba kamba za kuwafungia anazisokota mama yangu.

Cheka, ruhusa. Lakini nawe ukikaa ukakumbuka vizuri utaona kuna jambo la namna hii uliloliamini, ila huna moyo wa kulisema mbele za watu. Mimi moyo huo ninao, kwa sababu langu halikunitia haya hata siku moja. Lilinifanya nitembee kifua mbele kama liwali.

Limenirudia kwa pua. Juzi juzi nilikwenda kwetu Shumba kuzuru kaburi la mama, nikapita njia ya pwani nikiwa na kijana wangu wa mwisho, aliyezaliwa mjini. Maji yalikuwa yametoka, na kinamama walikuwa wakifukua makumbi. Asiyejua na ajue: kumbi la nazi likishafuliwa halitupwi. Hufukiwa kwenye matope ya pwani, likawekewa mawe juu lisielee, likaachwa miezi kadhaa lioze liwezavyo. Likifukuliwa, ile harufu yake, wallahi, ni harufu ya yai lililosahauliwa na kuku wake na mjukuu wa kuku wake. Kijana wangu aliziba pua kwa mikono miwili. Mimi nilivuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalia. Kwake yeye ule ulikuwa uvundo. Kwangu alikuwa ni mama anarudi nyumbani.

Mama yangu, Bi Mkasi, alikuwa msokotaji kamba. Baba alifariki ningali nanyonya, na mama hakuwa na shamba la karafuu wala mnazi wa kuuhesabu wake. Alikuwa na shimo lake la makumbi pwani, gongo la kuyapigia, na mapaja mawili ya kusokotea. Alikuwa akiyapiga makumbi mpaka taka zimetoka ukabaki usumba mtupu, akiuosha kwa maji ya chumvi, akiuanika, kisha akikaa ukumbini kutwa anasokota. Sifa ya kamba zake ilivuka Shumba zote mbili, ya Mjini na ya Viamboni. Wenye madau walizitaka, wenye ng'ombe walizitaka. Mimi nakwambia kamba ya mama ungeweza kuifunga Pemba ukaivuta mpaka Mombasa, kisiwa kikakatika kabla ya kamba.

Sasa, habari ya mashetani ilianza hivi. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitufundisha, kama alivyofundishwa kila mtoto wa Kiislamu, kwamba Ramadhani ikiingia milango ya pepo hufunguliwa, milango ya moto hufungwa, na mashetani hutiwa minyororo. Wenzangu waliitikia wakaendelea kuyumba na juzuu zao. Mimi nikabaki na neno moja: minyororo. Katika Shumba nzima mnyororo nilioujua ni mmoja tu, wa baiskeli ya mwenye duka, na huo ulikuwa ukikatika kila akipanda kilima. Mashetani wa Pemba, na unajua Pemba ilivyosifika kwa mambo hayo, watoshwe na mnyororo wa baiskeli?

Nikamwuliza Ami Hamadi. Huyu ni ndugu yake baba, nyumba yake imepakana na yetu, na ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki. Samaki akipata, nusu yetu. Mtu mwema, mwingi wa mzaha, uso mkavu akikudanganya kuliko akisali. Na siku ile alikuwa anapakia kamba za mama kwenye ngarawa azipeleke Kiuyu.

"Ami, mashetani wanafungwa kwa mnyororo gani?"

Akanitazama, akazitazama zile kamba. "Mnyororo? Mnyororo ni wa huko kwenye vyuma vyao. Kila nchi hufunga kwa kilichopo. Siye huku tuna kamba."

"Kamba gani?"

"Hizi unazoziona ni za nini? Mbona mamako hapumziki mwezi wa Shaabani mzima, hujajiuliza weye? Shetani kitu cha kufunga kwa ukili wa mkeka?"

"Na wanafungwa wapi?"

"Nakwenda wapi mie sasa hivi?"

"Kiuyu."

"Haya basi. Usimwambie mtu."

Nilimwambia kila mtu. Kufika magharibi hapakuwa na mtoto Shumba Viamboni asiyejua. Na kila kitu kilishuhudia kwamba ni kweli: Shaabani kweli mama hakuwa akipumzika, kamba kweli zilikwenda Kiuyu, na Kiuyu kwenyewe hakuna aliyefika miongoni mwetu hata aje atukanushe. Chuoni nilipewa nafasi ya kukaa karibu na mlango, penye upepo. Faki, mtoto wa Mzee Kombo, aliyekuwa mkubwa wetu na bingwa wa mieleka, alikuwa akinigawia embe lake bichi lenye chumvi siku zile za kabla ya mfungo, na kuniuliza kwa adabu: "Yule mkubwa wao, Ibilisi mwenyewe, naye anatumiwa kamba hizi hizi?" Nami humjibu kama mtaalamu: "Huyo kamba ya pande nne zilizosokotwa pamoja. Wengine pande tatu." Nilikuwa natembea nyuma ya mama njiani, naye amebeba tita la usumba kichwani, matope mpaka magotini, nikiwaonea huruma watoto ambao mama zao walikuwa wanapika tu.

Ramadhani ikaandama. Na Ramadhani ya kwetu, kama unavyoijua, wanaume hawafuturu ndani. Kila nyumba hutoa sinia lake, likapelekwa uwanjani, ukatandikwa mkeka mmoja mrefu, na apitaye njia hana ruhusa ya kupita. Ndizi mbichi na muhogo wa nazi, majimbi, papa mkavu wa kuchoma, uji wa pilipili manga wa kukutoa jasho la kisogoni. Siye nyumba isiyo na baba sinia letu nalibeba mimi, nikakaa kando ya Ami Hamadi, mbele ya Mzee Kombo. Hao wawili walikuwa wamekaa hivyo, uso kwa uso, tangu mimi sijazaliwa. Mzee Kombo alikuwa na ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote upande wetu, na kamba zao zote alizinunua kwa mama.

Lakini ilikuwa miaka ya siasa. Wa rika langu sina haja ya kuwaeleza. Walioko chini yetu hawataamini. Huyu chama hiki, yule chama kile, mpaka mtu hamziki jirani yake, hachoti maji kisima kimoja naye, ndoa zinavunjika kwa sababu ya kura. Ami Hamadi alikuwa wa huku. Mzee Kombo alikuwa wa kule. Mimi nilikuwa wa ndizi na muhogo.

Jioni moja, mfungo umekwisha kolea, adhana imelia, Ami Hamadi akamsogezea Mzee Kombo sahani ya tende kama alivyokuwa akifanya kila siku. Mzee Kombo akaikunja mikono yake.

"Tende za nani hizo?"

"Tende ni tende, Kombo. Futuru."

"Nimesikia mmegaiwa kwenye mkutano wenu. Mie sili tende ya mkutano."

"Unasema mie nimenunuliwa kwa tende?"

"Nasema sili."

Ami Hamadi akanyanyuka, na katika kunyanyuka akaupiga teke mkungu, bakuli la udongo la uji. Kwa makusudi au si kwa makusudi, watu wamebishana mpaka leo. Mimi nilikuwa kando yake, na mguu niliuona. Uji ukatapakaa mkekani, ukaingia kwenye ndizi, ukamfika Mzee Kombo kanzuni. Watu wakasimama. Wengine huku, wengine kule. Kesho yake ikatandikwa mikeka miwili, na katikati yake pakabaki ukanda wa mchanga ambao hata kuku alikuwa akiuzunguka.

Mimi niliogopa usiseme. Si kwa ugomvi, ugomvi nimeuona. Niliogopa kwa sababu ilikuwa Ramadhani. Shetani amefungwa. Na kama amefungwa, nani aliyewaingilia wazee hawa? Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa zito kuliko mlima: kamba imekatika.

Na wala sikuwa peke yangu kupiga hesabu hiyo. Nilipofika chuoni nilikuta mahali pangu penye upepo pamekaliwa.

"Mamako kasokota usumba mbovu," akasema Faki. Ule upole wa embe umekwisha.

"Si kweli!"

"Kanzu ya babangu ina uji mpaka leo. Shetani katoka wapi kama hakukata kamba?"

"Labda kafunguka fundo. Fundo hafungi mama!"

"Kamba mbovu, fundo halina kosa. Mamako kaivisha makumbi nusu." Na wengine wakapokea, kwa kuimba: Bi Mkasi kamba zake! Bi Mkasi kamba zake! Na anayejua watoto wa chuo anajua wimbo ukishapata mdundo haufi.

Ningeweza kustahimili kuitwa mimi mwongo. Lakini kamba za mama! Kitu pekee tulichokuwa nacho duniani kilikuwa ni watu kusema, "Ya Bi Mkasi haikatiki." Nikamrukia Faki, akanilaza chini kwa mkono mmoja, kwa heshima, kama mtu anavyoweka mkoba. Nikasema nikiwa pale pale mchangani: "Tuijaribu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa Tusiulizane."

Tusiulizane alikuwa ng'ombe dume wa Mzee Kombo, wa ule mchezo wetu wa kukwepa pembe za dume uwanjani. Katika viwanja vyote vya kaskazini hakuna aliyemchezea mara mbili. Mimi nakuhakikishia pembe zake zilikuwa zikifika mahali kabla yake kwa nusu siku. Kama yupo kiumbe wa kupimia kamba ya shetani, basi ni yule.

Baada ya alasiri nilitoa kamba mpya ukumbini, mama yuko pwani. Faki, kwa kuwa ng'ombe ni wa kwao, akamvisha. Ncha ya pili tukaifunga kwenye mnazi. Chuo kizima tukakaa mbali, tukaanza kupiga madebe na kuimba ule wimbo wa kumtia wazimu. Tusiulizane alivuta. Mnazi uliinama kama mtu anayerukuu; madafu yakadondoka; miguu ilichimba mitaro ambamo ungeweza kuyafukia makumbi ya kijiji kizima. Akavuta kulia, akavuta kushoto, akarudi nyuma akaja mbio, kamba ikakaza ikalia kama uzi wa gambusi. Mimi nilifumba macho nikasoma kila nilichohifadhi, na hakikuwa kingi. Nilipoyafumbua, dume la mchezo limelala ubavu linahema, limesusa. Kamba ilikuwa vile vile. Hata unywele wa usumba haukutoka.

Faki akaenda akaishika, akaipitisha vidoleni kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki yule, Mungu amrehemu. Akasema mbele ya wote: "Haikukatika. Ya Bi Mkasi haikatiki."

Furaha yangu siwezi kukupimia. Nikaikunja kamba begani, nikatimua mbio mpaka uwanjani, na chuo kizima nyuma yangu. Jua lilikuwa linazama, wazee wamekaa tayari, mkeka huu na mkeka ule, tende mbele yao, wanasubiri adhana. Nikasimama juu ya ule mchanga wa katikati.

"Kamba haikukatika!" nikapiga kelele. "Nimeijaribu kwa ng'ombe! Mashetani wote wamo, hakuna aliyetoka!"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema mtoto kashikwa na jua. Nikawaeleza yote: Kiuyu, pande tatu, pande nne, Tusiulizane. Kicheko kikaanza mkeka wa huku, kikapokewa mkeka wa kule. Ilikuwa ni mara ya kwanza mikeka ile kufanya jambo pamoja. Ami Hamadi alikuwa akifuta machozi. Nami nikangoja wamalize kucheka, kisha nikauliza nilichotaka kujua kweli, maana kwangu hesabu ilikuwa haijafunga:

"Basi kama wote wamo, nani kamwaga uji?"

Kicheko kikafa. Nadhani hata bahari ilisimama.

"Shetani huyo yuko mkeka ule," akasema Mzee Kombo, akaonyesha kwa kidevu.

"Yuko kwako weye," akasema Ami Hamadi. "Angalia vizuri."

Nikaangalia, nakuapia. Niliangalia mkeka huu na mkeka ule, nikitafuta mkia. Hapo Ami akageuza uso, akanikaripia: "Toka hapa! Nenda kwa mamako, ndiye asiyekufunza adabu!"

"Mamake yupo hapa."

Ilikuwa sauti ya mama mwenyewe. Alikuwa amesimama pembeni ya ua wa makuti, ametoka pwani, matope hayajamkauka miguuni. Mwanamke haji kwenye mkeka wa wanaume. Na mwanamke yule, wa kumtilia samaki sahanini alikuwa mkeka wa huku, na wa kumnunulia kamba zake alikuwa mkeka wa kule. Alikuwa na kila sababu ya kunishika sikio tukaondoka. Akajitanda kanga yake vizuri, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anauliza bei ya chumvi:

"Mtoto kauliza. Mjibuni."

Adhana ikalia, na nakwambia watu waliofunga kutwa nzima walikaa wakitazama tende bila ya kuzigusa. Mama akangoja kiasi cha adabu, akanichukua mkono, tukaenda zetu. Na mimi, ambaye sikuelewa kitu, nilielewa hiki: watu wazima wote wale, wenye ndevu na vilemba, walikuwa wameinamisha vichwa, na aliyekuwa kakiinua chake ni mama yangu.

Usidhani mikeka iliungana kesho yake. Wiki nzima Ami Hamadi hakuleta samaki, na Mzee Kombo alikuwa akipita mbele ya kamba zetu kana kwamba ni kamba za mtu mwengine. Tulifuturu muhogo na maji, mama anasokota tu. Kisha jioni moja Ami Hamadi akabeba mkungu wa uji kwa mikono miwili, akauvuka ule mchanga, akasimama mbele ya Mzee Kombo. Mzee Kombo naye akamwacha asimame kidogo, akasema, "Weka hapo." Basi. Mikeka ilibaki miwili mpaka Idi, lakini uji ulikuwa ukivuka. Na penye siasa ile, kwenye vijiji ambako uji haukuvuka, nimeyasikia yaliyotokea.

Miaka ilipita, nikakua, nikaingia shule ya usiku ya watu wazima, ambako nilimaliza, alhamdulillahi, na cheti ninacho ukutani. Jioni moja darasani ukazuka mjadala: shetani ni kiumbe kweli, au ni jina tu walilobuni watu la mambo yao? Tulikuwa wavuvi, makuli, karani mmoja wa ghala la karafuu. Tulipigana maneno mpaka taa ikaisha mafuta. Huyu anasema yupo, ametajwa, asiyemwamini amekanusha. Yule anasema mbona kila mtu humwona kwa mwenzake tu. Nikawasimulia kisa cha Kiuyu, na mzee mmoja aliyekaa nyuma, mzaliwa wa Kiuyu hasa, akashika kichwa: "Astaghafirullahi! Siye utotoni tuliambiwa wamefungwa kwenu Shumba!" Darasa likaanguka kwa kicheko. Lakini mimi mjadala ule haukunipa tabu, kwa maana jibu langu nilikuwa nimepewa zamani, siku tatu nne baada ya ule uji kuvuka.

Tulikuwa pwani, maji yametoka, mama anapiga makumbi na mimi namsogezea. Harufu ile ile. Nilikuwa nimeishika ile hesabu yangu kichwani siku zote hizo, nikaona nimwulize mwenyewe mwenye kamba.

"Mama, kama kamba haikukatika, shetani alitokaje Kiuyu?"

Akaacha kupiga. Hakucheka, na hilo namshukuru mpaka leo. Akaweka gongo chini, akajipangusa mikono.

"Kamba zangu ni za ng'ombe na madau, mwanangu. Ami yako alikufanyia mzaha. Shetani yupo, Mwenyezi Mungu kamtaja, na anayemfunga ni Mwenyezi Mungu, si mie."

"Basi jioni ile alitokaje?"

"Hakutoka. Jioni ile hakuwapo. Walokuwapo ni ami yako na Mzee Kombo."